Uzi maalumu: Kusoma FDC na VETA Kigoma na Tabora, gharama zisizoandikwa kwenye fomu

Ngambo_Karakana (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Fomu za vyuo vya ufundi kwa kawaida hutoka kati ya Agosti na Oktoba kwa masomo yanayoanza Januari, na kila mwaka vijana wengi wa kanda yetu huingia chuoni wakiwa wameulizia kitu kimoja tu: ada. Ada ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa kozi ndefu za VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi) kiwango kilichotangazwa kwa miaka mingi ni Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Kinachorudisha watu nyumbani mwezi wa tatu ni chakula, vifaa vya fani na nauli ya fildi, yaani mazoezi ya kazi nje ya chuo. Tuyaweke hayo wazi hapa kabla fomu hazijatoka.

Kwa asiyejua tofauti: vyuo vya maendeleo ya wananchi, yaani FDC, vilianza 1975 kwa wazo lililotoka kwenye vyuo vya wananchi vya Sweden, na viko 54 Tanzania Bara. Upande wa Tabora kuna Urambo, Sikonge na Mwanhala kule Nzega. Kigoma kuna Kihinga, Kasulu na Kibondo. VETA ilitokana na sheria ya 1994, na mikoa yote miwili ina chuo chake cha mkoa. FDC iliyosajiliwa kwa fani yako inakufikisha kwenye mitihani ile ile ya ngazi ya I, II na III, kwa hiyo cheti hakipungui uzito kwa kuwa umesomea Sikonge badala ya mjini.

Tofauti kubwa ni nani anapokelewa na anafundishwa nini pembeni ya fani. FDC huwapokea aliyeishia darasa la saba, aliyekatiza sekondari, mama mwenye mtoto na mtu mzima mwenye shamba lake, na huongeza ujasiriamali, kilimo na stadi za maisha. VETA inabana zaidi kwenye fani, na fani zenye watu wengi kama umeme na magari nafasi zake hugombaniwa.

Ushauri wangu mkubwa: usichague chuo kwa majengo. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, omba kuiona karakana ya fani yako. Ukiingia ya kuchomelea, angalia sakafu. Ukiona vishina vya rodi, slagi iliyogongwa na vumbi la chuma chini ya jiliwa, ujue watu wanafanya kazi. Ukikuta mashine zimefunikwa turubai na sakafu safi katikati ya wiki, uliza kwa nini. Hesabu pia wanafunzi kwa mashine moja. Watano kwa mashine bado kila mmoja anashika, ila wakifika kumi na tano wengi watakuwa watazamaji. Kisha muulize mwalimu mambo matatu: saa ngapi za vitendo kwa wiki, rodi au waya au mbao za kujifunzia hutolewa na chuo au hununuliwa na mwanafunzi, na mwalimu wa fani hiyo yupo au anasubiriwa. Hilo la mwisho usilionee aibu, uliza wazi.

Mama_Mawese

Asante mkuu kwa kulianzisha. Naongezea la tumbo, kwa sababu wazazi wengi huku Kigoma, mwisho wa reli, wanampeleka mtoto kutwa wakidhani ni nafuu, halafu wanampangia chumba. Ukijumlisha kodi, mkaa, mafuta, chumvi, sabuni na maji ya ndoo, kutwa ya kupanga mara nyingi inazidi bweni. Kutwa ni nafuu kwa anayelala kwao au kwa ndugu, basi.

Aliyelazimika kupanga apige hesabu hii. Mtu mmoja anayekula ugali mara mbili kwa siku anamaliza takriban nusu kilo ya unga, sawa na kilo 15 kwa mwezi. Maharage kilo 4 hadi 5, na dagaa wakavu kilo moja na nusu wakipikwa kwa kubadilishana na maharage. Unga wa muhogo hupunguza gharama, ila usage wa kutosha wiki mbili tu, maana masika ukikaa kwenye mfuko wa nailoni unavuta unyevu na kuota ukungu. Wawili au watatu wa fani moja wakipika pamoja, mkaa unaokoa zaidi kuliko kitu kingine chochote: jiko lile lile linaivisha chungu cha mmoja na cha watatu. Loweka maharage usiku mzima na mwage maji yale, moto utapungua sana.

Wazazi wa dagaa wasikilize hapa. Kipato cha ziwani hakiji sawasawa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa na wavuvi wanapumzika, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwenye mtoto chuoni alipe muhula wa pili na kununua chakula cha muhula huo kabla ya katikati ya Mei. Asisubiri kukopa Juni, mwezi ambao mwalo mzima unakopa.

Kaliua_Kwetu

Mwangaluka wakuu. Aliyoyasema dada hapo juu sisi wa tumbaku yanatugusa kwa namna nyingine. Chuo kinafungua Januari, na Januari ndiyo mwezi mbaya kwetu: pesa ya mwaka jana imeisha, mbolea imekopwa kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), tumbaku iko shambani, chakula kipya bado. Masoko yanaanza kuchangamka kuanzia mwezi wa nne au wa tano na kuendelea hadi katikati ya mwaka. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge anaripoti siku ambayo baba hana hata nauli.

Dawa yake ni barua. Kabla ya siku ya kuripoti, mzazi aandike kwa mkuu wa chuo kuomba kulipa kwa awamu, ataje tarehe na kiasi cha kila awamu, na barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji igongwe muhuri. Ukisema "nitalipa nikipata" hakuna mhasibu atakayekuelewa. Ukisema theluthi moja Januari, iliyobaki baada ya soko la kwanza, una cha kushika mkononi. Baki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Mwanafunzi akitolewa darasani kwa deni, nakala hiyo ndiyo inayomrudisha.

Malipo yote ya chuo cha serikali yapite kwenye kontrolo namba, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Mtu akikuambia utume kwenye namba yake ya simu "akushikie nafasi", huyo ni tapeli hata kama amevaa kitambulisho cha chuo. Jina la chuo na fani yako lihakikiwe NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) au VETA kabla hujatoa hata senti, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ushonaji na kikakusajili umeme.

Kasulu_Juu

Samahani wakuu, swali. Binti ana miaka 19, aliachia kidato cha pili kwa ujauzito, mtoto ana miezi minane. Anataka sekondari na ushonaji vyote. Inawezekana au achague kimoja?

MwanaUjiji

Inawezekana ndugu yangu, na ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Ulizia FDC iliyo karibu nawe mpango wa Elimu Haina Mwisho. Unaendeshwa na shirika la Karibu Tanzania Organization pamoja na FDC, na ulilengwa hasa kwa wasichana waliokatiza masomo. Wanasoma sekondari kwa muda uliofupishwa, wanachukua fani, na mpango ulikuja na vituo vya kulelea watoto pale pale chuoni ili mama awe darasani. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa pia kurudi sekondari ya kawaida, ila kule hakuna wa kumshikia mtoto na hakuna cherehani.

Upande wa mitihani, awe makini na mlango anaopitia. Ambaye hana sifa za kidato cha pili anaanza na mtihani wa maarifa, QT, na akifaulu ndipo anajisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA, baraza la mitihani, una tarehe yake ya mwisho na baada ya hapo unalipa faini au unasubiri mwaka mzima. Aulize tarehe hiyo siku ya kwanza anayoripoti.

Mambo ya kuuliza chuoni kabla hajabeba mtoto: kituo cha watoto kinapokea kuanzia umri gani, uji wa mtoto unatoka wapi, bweni la akina mama liko tofauti au la, na mtoto akiugua usiku zahanati iko umbali gani.

Niongeze kuhusu nyaraka, maana Kigoma hapa ndipo watu wanapokwama kuliko popote. Andaa mapema: cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule, picha za pasipoti, fomu ya afya iliyojazwa na daktari wa serikali, na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Majina yafanane herufi kwa herufi. Cheti cha darasa la saba kikisema Ndabhalinze na cha kuzaliwa Ndabalinze, nenda kwa wakili au mahakama ya mwanzo upate hati ya kiapo kabla ya usajili wa mtihani. Jina likishaingia vibaya kwenye usajili linatoka vibaya kwenye cheti, na kulirekebisha baadaye kunakula miezi.

NIDA ndiyo ngumu zaidi. Mkoa wetu unapakana na Burundi na ng'ambo ya ziwa iko Kongo, kwa hiyo uhakiki wa uraia ni mkali na Uhamiaji wanahusika. Kijana akifika miaka 18 aanze siku hiyo hiyo, aende na vyeti au namba za NIDA za wazazi, na kama wazazi hawana, za babu au bibi, pamoja na barua ya mtendaji inayotaja kitongoji alichozaliwa. Asisubiri amalize chuo. Leseni ya ufundi, laini ya simu, akaunti ya benki na mkopo wa halmashauri vyote vinadai namba hiyo ya tarakimu 20.

Waya_Mwekundu

Nije kwenye umeme, kwa kuwa kila darasa nusu wanataka umeme.

Vifaa: usinunue boksi zima la vifaa vya bei ya chini, nunua vichache vilivyo imara. Testa, plaisi ya mafundi yenye mpira usiochanika, bisibisi flati na sta za ukubwa mbili mbili, kisu cha kumenyea waya, nyundo, futi ya mita 5, msumeno wa chuma, springi ya kupindia paipu na multimita. Multimita ndiyo usifanye nayo ubahili, ya bei ya chini sana inadanganya ikiisha betri. Ongeza ovaroli na buti ngumu. Chora jina kwenye kila mpini kwa chuma cha moto, kalamu inafutika kwa jasho.

Kwenye vitendo, wanaoanguka huanguka kwa mambo madogo. Taa ni waya wa milimita za mraba 1.5, soketi ni 2.5, na sakiti breka ya taa haizidi ampea 10. Swichi lazima ikate laini, yaani waya wenye moto. Ikikata nyutro taa itazimika sawa, ila holda inabaki na moto na anayebadilisha balbu anaweza kufa. Mtahini anatazama hilo kabla ya kutazama uzuri wa mabomba. Rangi nazo: mpya ni kahawia laini, bluu nyutro, kijani yenye mstari wa njano ethi. Nyumba za zamani mjini Tabora na Ujiji utakuta nyekundu laini na nyeusi nyutro. Katika mfumo mpya wa fezi tatu nyeusi ni mojawapo ya fezi, kwa hiyo usiamini rangi hata siku moja, pima.

Mpangilio wa kupima nao una alama zake. Kwanza mwendelezo wa ethi, halafu uzuiaji wa ganda la waya (insulesheni) kwa mega, kile kipimo cha volti 500, isipungue megaomu 1, halafu polariti (laini na nyutro ziko mahali pake), ndipo unawasha. Mwanafunzi anayewasha kwanza ili "aone kama inafanya kazi" ameshapoteza mtihani.

Na wote wajue kwamba cheti peke yake hakikupi ruhusa ya kufunga umeme kwenye nyumba za watu. Leseni ya mafundi umeme inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja, na cheti ni moja ya viambatisho vya maombi. Panga hela ya leseni ndani ya bajeti ya chuo.

Mchoma_Geti

Wa kuchomelea nao wasisahaulike. Rodi geji 12, ile ya milimita 2.5, ichezee ampea 60 hadi 100, na geji 10 ya milimita 3.2 ichezee 90 hadi 140. Wanafunzi wanaweka moto mmoja kwa kila chuma, kisha wanatoboa bomba la skwea na kulaumu mashine. Masika rodi zikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Rodi iliyovuta unyevu inarusha cheche ovyo na kuacha vitundu kwenye mshono. Na kinyago cha uso kiwe chako mwenyewe. Miwani ya jua haizuii mwanga wa tao, macho yatawasha kama yamejaa mchanga usiku wa manane.

Mshona_Kitenge

Ushonaji watu wanadharau na ndiyo fani inayorudisha hela mapema kuliko zote, maana unaweza kuanza kupokea sare za shule ukiwa bado chuoni. Nunua mkasi wa nguo wa inchi 9 au 10 na usikate nao karatasi hata mara moja. Futi ya kitambaa, chaki, rula ya kona, bobini za akiba na sindano: namba 14 kwa kitenge na sare, 16 kwa jinzi na turubai.

Kosa linalopoteza saa nyingi za vitendo ni hili: uzi unajikunja chini ya kitambaa, mwanafunzi anafungua bobini na kukaza skrubu ya kesi yake. Tatizo liko juu. Uzi wa juu haukupita kwenye diski za kukazia au umelegea. Inua mguu wa cherehani, pitisha uzi upya tangu mwanzo, shusha, jaribu kwenye kipande. Skrubu ya kesi ya bobini iguswe mwisho kabisa.

Cherehani ya chuo hutumiwa na wengi. Mwenye uwezo wa kuazima ya kukanyaga kwa jirani aazime kwa ajili ya jioni, saa za ziada ndizo zinazonyoosha mshono.

Kaliua_Kwetu

Na aliyejifunzia mtaani miaka kumi, ana mikono ila hana cheti? Lazima akae darasani miaka miwili?

Ngambo_Karakana

Hapana mkuu. Huyo aende ofisi ya VETA aulize urasimishaji ujuzi. Anapimwa anachokijua, anapewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo, kisha cheti. Aende na picha za kazi zake na barua ya anayemfahamu kwenye fani. Mapengo ya mafundi wa mtaani karibu kila mara ni usomaji wa michoro na usalama kazini, ajiandae hapo.

Sasa fildi, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoharibika zaidi. Barua za kuomba nafasi ziende miezi miwili kabla. Tabora mjini na Kigoma mjini gereji na karakana nzuri zinajaa, na wanaochelewa wanaishia mahali pa kufagia na kutumwa chai. Karakana ndogo ya Nzega au Kasulu yenye kazi nyingi ni bora kuliko ofisi kubwa ambako utakaa kwenye benchi. Muulize fundi mkuu kabla ya kukubali: "Wiki ya kwanza nitashika nini?"

Nauli na chakula cha fildi ni juu ya mwanafunzi mara nyingi sana, tenga fedha hiyo tangu Januari na usiiguse.

Logibuku, daftari la kazi zako za fildi, ijazwe kila siku jioni. Andika kazi, vipimo, vifaa, tatizo na ulivyolitatua. "Nilisaidia fundi" haina alama. Andika hivi: "Nilibadilisha bushi za mkono wa mbele wa kulia wa pikapu, nilitumia presi, bolti moja ilikuwa na kutu nikaipasha moto." Msimamizi asaini kila Ijumaa na kugonga muhuri. Wengi wanasubiri mwisho, fundi amesafiri kijijini kwa msiba au mavuno, muhuri umefungiwa kabatini, na tathmini nzima inakwama. Piga picha ya kila ukurasa uliosainiwa, kitabu kikipotea kwenye basi unabaki na ushahidi.

MwanaUjiji

Nyongeza ya mwisho kwa wanaomaliza. Matokeo ya mfumo huu wa ufundi yanasema umemudu au bado hujamudu, kipengele kwa kipengele. Ambaye hajamudu kipengele kimoja asikimbie chuo kwa aibu, aulize ratiba ya kurudia kipengele hicho. Cheti huchelewa kuliko matokeo, kwa hiyo omba barua ya matokeo yenye muhuri utumie kuombea kazi. Siku ya kuchukua cheti, kabla hujasaini daftari, soma jina lote, fani, ngazi na namba ya mtahiniwa ukilinganisha na cheti cha kuzaliwa. Ukiona kosa mwambie msajili hapo hapo, usiondoke nacho.

Anayetaka kuendelea hadi stashahada asome mwongozo wa udahili wa NACTVET kozi kwa kozi, sifa hazifanani. Mara nyingi ngazi ya III pamoja na cheti cha kidato cha nne ndivyo vinavyofungua mlango. Ndiyo maana yule binti wa Kasulu asikubali kuacha upande mmoja.

Kasulu_Juu

Nimeelewa wakuu, Mungu awabariki. Jumatatu tunaenda chuoni, nitauliza kituo cha watoto kinapokea kuanzia umri gani na tarehe ya mwisho ya usajili wa QT. Hati ya kiapo tunaanza nayo wiki hii, jina la baba lina herufi tofauti kwenye vyeti vyake viwili.